Kijerumani cha Kusomea Kiburunge

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi na wahitimu wetu: mbukwenyi!

Walioitikia ni wazazi wa hapahapa Dodoma. Ninyi wahitimu mmeishi Ugogoni miaka mitatu, na kwa wengi wenu salamu hii ya Kigogo bado ni ngeni.

Wiki hizi baadhi yenu mmenijia na swali moja: "Mwalimu, nataka kusoma uzamili wa lugha. Niongeze lugha gani?" Mmoja anatamani Kihispania, mwingine Kichina, kwa kuwa Taasisi ya Confucius iko hapa chuoni. Zote ni lugha njema. Lakini niliwajibu kwa haraka, na naomba leo nilikamilishe jibu langu.

Anza na jambo unalotaka kulitafiti. Ndilo litakalokuchagulia lugha. Kwa mfano, shika barabara ya Kondoa. Utasikia Kigogo na Kirangi, lugha za Kibantu. Kiburunge cha Goima, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Kimaasai cha wafugaji, cha Kinailoti. Na Kisandawe cha Kwa Mtoro, chenye vidoko, ambacho wanaisimu mpaka leo hawajaafikiana nduguze ni nani. Sijui kama mnaelewa mmesomea juu ya hazina gani.

Sasa, sarufi ya Kiburunge utaisoma wapi? Roland Kießling aliichapisha mwaka 1994, kwa Kijerumani. Otto Dempwolff, daktari wa jeshi la wakoloni, alitoa kitabu chake juu ya Wasandawe huko Hamburg mwaka 1916, nacho ni cha Kijerumani. Kirangi kilielezwa na Margaret Dunham mwaka 2005, kwa Kifaransa. Binti wa Goima akitaka kujua nini kimeandikwa juu ya maneno ya bibi yake, sharti kwanza ajue Kijerumani. Jambo hili linaniuma.

Basi jifunzeni Kijerumani cha kusoma: kamusi, sarufi, na saa moja kila usiku kabla ya kuomba nafasi ya uzamili. Likizo ikifika, nendeni Goima mkakae na wazee, kinasa sauti kikiwa tayari. Kitabu kitawaambia kilichosikika wakati ule. Bibi atawaambia kinachosemwa leo, na atawarekebisha papo hapo.

Tasnifu huenda mkatakiwa kuiandika kwa Kiingereza. Andikeni pia sura moja kwa Kiswahili, muipeleke katika shule ya kijiji mlikokaa. Rasimu nileteeni mimi, nitaisoma yote.