HOTUBA JUU YA DINI YA KIHINDU



Tumetakiwa kusema machache juu ya dini ya Kihindu. Watu wa pwani wana methali yao ya zamani, Banyani mbaya kiatu chake dawa. Na wengi humjua Banyani kwa methali hiyo na kwa duka lake tu, wala hawajui anaabudu nini. Yafaa tujue, maana dini hii ina wafuasi zaidi ya milioni 1,000, na walio wengi wao wako Bara Hindi.

Kwanza, haina nabii mmoja aliyeianzisha. Vitabu vyake vya kale kabisa ni Veda nne, na Rigveda, iliyo ya kwanza, ina umri wa miaka 3,000 hivi. Yasemwa kuwa Wahindu wana miungu mingi. Wengi wao hujibu ya kwamba asili ya vitu vyote ni moja, nayo huitwa Brahman, isiyo na umbo wala mwisho. Na Vishnu, na Shiva, na Devi aliye Mama, ni nyuso ambazo kwazo mwanadamu huikaribia.

Pili, husadiki kuwa roho haifi. Mtu akifa, roho yake huzaliwa tena katika mwili mwingine, mfano wa karani ahamishwaye kituo hata kituo, na faili lake likimfuata. Faili hilo ndilo karma: matendo yote, mema na mabaya, yamo, wala hapana awezaye kung'oa ukurasa. Mwisho wa uhamisho wote huitwa moksha, yaani kufunguliwa. Njia za kuufikia ni nyingi: elimu, ibada, na kutimiza wajibu, uitwao dharma, pasipo kuutamani ujira wake.

Desturi zao ni hizi. Asubuhi mtu huoga, kisha huwasha taa na kufukiza ubani mbele ya sanamu nyumbani mwake, akitoa maua na matunda. Ng'ombe huheshimiwa kama mama. Wengi hawali nyama, ila si wote. Maiti huchomwa moto, na majivu hutiwa mtoni, hasa katika Ganga. Sikukuu ya Diwali huangukia Oktoba au Novemba, usiku wa giza la mwezi. Nyumba zote hujaa taa, na wafanya biashara wa Kigujarati hufungua vitabu vipya vya hesabu.

Sasa twafika penye uzito. Tangu kale watu waligawanywa kwa kuzaliwa: makuhani, wapiganaji, wafanya biashara, na watumishi, na chini ya hao wakawekwa wasioguswa. Hao walikatazwa kuingia hekaluni na kuteka maji katika kisima cha wenzao, na wengine walidai ya kuwa ni malipo ya karma yao. Yaani mtu alihukumiwa kwa faili asiloruhusiwa kulisoma.

Lakini Wahindu wenyewe waliinuka kuyapinga hayo. Mwaka 1936 mfalme wa Travancore aliwafungulia watu hao mahekalu ya dola yake. Bwana Gandhi aliwatetea. Katiba ya India iliyoanza mwaka 1950 iliupiga marufuku ubaguzi huo, na mwenye kiti wa kamati iliyoiandika alikuwa Bwana Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa hao wasioguswa. Hata hivyo hakuridhika. Mwaka 1956 aliingia dini ya Buddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya wenzake, maana sheria hubadilika siku moja, bali moyo hukawia. Na desturi hiyo haijafa.

Basi, Mabwana, twaona funzo hapa. Kutimiza wajibu bila kutazama ujira ni jambo tukufu, mtu akilichagua mwenyewe. Akilazimishwa na anayekula ujira huo, ni utumwa. Tuiheshimu taa ya jirani yetu, wala tusimpime kwa kiatu chake. Tena tusikubali mtu ye yote aambiwe kwamba cheo chake kiliandikwa kabla hajazaliwa.