Kunuka na Kunukia: Chakula, Manukato na Lugha ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mada ya leo inahusu karamu ambamo chakula huandamana na manukato. Katika baadhi ya miji mikubwa ya Ulaya na Ghuba ziko hafla ambazo mgeni hupewa kwanza kikaratasi kilichotiwa manukato akinuse, kisha huletewa chakula ambacho mpishi amekiandaa kwa kufuata harufu ileile. Anayesimulia usiku wa namna hiyo kwa Kiswahili mara nyingi hukimbilia maneno ya kigeni, kana kwamba lugha yetu haijapata kuketi penye karamu kama hiyo. Hoja yangu ni kwamba imeketi, tena kwa karne nyingi. Hata hivyo, hazina yake ya maneno ya harufu ina mapengo, na mapengo hayo yanawagusa watu wa mkoa huu kuliko tunavyodhani.

2.0 Ushahidi wa historia

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, akapokewa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini. Kwa mujibu wa maelezo yake, kilichotangulia kuletwa hakikuwa chakula. Aliletewa tambuu na popoo, kisha mtumishi akaleta chupa ya maji ya waridi kutoka Dameski, akamnyunyizia yeye na kadhi aliyekuwa naye. Baada ya hapo ndipo kilipokuja chakula: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, tangawizi na maembe. Kutoka huko aliendelea hadi Mombasa na Kilwa.

Utaratibu huo haukufa. Katika maulidi na harusi za Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, chetezo cha udi na mrashi ni sehemu ya ukarimu kama zilivyo halua na kahawa. Huko Omani, mwenyeji anapopitisha udi baada ya kahawa, mgeni huelewa kwamba sasa anaweza kuaga.

Aidha, chakula na manukato ya pwani hutumia viungo vilevile. Maji ya waridi yanayorashiwa wageni ndiyo hutiwa katika halua. Karafuu inayoingia katika pilau ndiyo hukamuliwa mafuta yake huko Pemba, na mafuta hayo huingia katika viwanda vya manukato duniani. Sayansi inatuambia kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka kinywani wakati wa kutafuna. Kwa hiyo, anayepanga manukato na chakula pamoja anafanya kwa makusudi jambo ambalo pua na ulimi hulifanya kila siku.

3.0 Ushahidi wa lugha

Tutazame kwanza kitenzi *nuka*. Chakula kikinuka, hakiliki. Kikinukia, wageni husogea. Tofauti yote imebebwa na irabu moja, yaani kiambishi cha kutendea kilekile tunachokiona katika *pikia* na *letea*. Nionavyo mimi, kiambishi hicho kinaionesha harufu kuwa inamwendea mtu, kama zawadi inavyomfikia mpokeaji. Mgeni akimwambia mwenyeji wake wa pwani kwamba pilau yake “inanuka”, ametukana bila kukusudia. Bara husikika pia *inanuka vizuri*, na mwanaisimu hana budi kulichunguza tamko hilo badala ya kulifuta kwa kalamu nyekundu.

Pili, Mswahili *husikia* harufu. Kitenzi hichohicho hutumika kwa sauti, baridi, njaa na maumivu. Katika lugha hii harufu haikutengwa na hisi nyingine. Imewekwa pamoja na yote yanayomfika mtu pasipo yeye kuyafuata. Anapoifuata mwenyewe, hapo *hunusa*.

Tatu, majina. Kwa harufu mbaya tunayo majina yanayojitegemea: *shombo*, *uvundo*, *kikwapa*. Kwa harufu nzuri tunataja zaidi chanzo chake: asumini, waridi, udi, ubani, miski. Maneno ya jumla kama *manukato*, *marashi* na *uturi* hutaja zaidi vitu vya kujipaka, kujirashia au kujifukiza kuliko sifa za harufu zenyewe. Mwaka 2014, Asifa Majid na Niclas Burenhult walionesha kwamba wasemaji wa Kijahai, lugha ya Malaysia, wanayo maneno ya sifa za harufu yasiyotegemea chanzo, na huzitaja harufu kwa wepesi kama wanavyotaja rangi. Ni dhahiri, basi, kwamba uhaba wa maneno ya harufu si maumbile ya binadamu. Ni suala la utamaduni, na utamaduni hukuzwa.

4.0 Mtazamo kutoka Msamala

Hapa Msamala tuko mbali na bahari, lakini hatuko nje ya historia hiyo. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita nchi hii hadi Kilwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1930, lahaja ya Kiunguja ilikuwa imekwisha kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwanafunzi wa Songea akarithi shuleni maneno *chetezo* na *mrashi*, pengine kabla ya kuviona vyombo vyenyewe. Lakini *rasharasha* za mvua anazijua tangu utotoni, na neno hilo lina asili moja na *marashi*: kunyunyiza.

Je, mwanafunzi huyo ana neno gani kwa harufu ya kahawa ya Mbinga inapokaangwa, ya korosho za Tunduru zinapobanguliwa motoni, au ya udongo mkavu unapopokea mvua ya kwanza? Kwa Kiswahili atasema “harufu ya” kitu fulani, basi. Yawezekana bibi yake ana neno moja tu la Kingoni, Kimatengo, Kindendeule au Kiyao linalotosha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Mkulima wa Mbinga hawezi kusema hivyo. Bei ya kahawa yake hutegemea, pamoja na mambo mengine, hukumu ya waonjaji wanaonusa na kuonja kikombe, na istilahi zao kwa kiasi kikubwa ni za Kiingereza. Mkulima huambiwa daraja la kahawa yake; sababu ya daraja hilo hubaki katika lugha asiyoijua. Asipojua kasoro ilikuwa ya uchachu, ya moshi au ya uvundo, atairekebishaje msimu ujao?

5.0 Hitimisho

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa isimu wakusanye maneno ya harufu kwa wapishi, wavuvi wa Ziwa Nyasa, wakulima wa kahawa na wazee wa lugha za Ruvuma. Pili, watunga kamusi waeleze harufu kwa sifa zake, pamoja na kutaja chanzo chake. Tatu, istilahi za waonjaji wa kahawa zitafutiwe visawe miongoni mwa maneno hayo kabla ya kubuni mapya.

Kazi hii ina haraka, kwa sababu neno la harufu huishi katika kinywa cha anayelitumia jikoni, na wengi wa watumiaji hao ni watu wa umri mkubwa. Karamu ya chakula na manukato ikiandaliwa kesho hapa Msamala, mpishi atapatikana na viungo vitapatikana. Kitakachotupima sisi wanataaluma ni kama mgeni ataweza kusema, kwa Kiswahili, kile alichokisikia puani mwake.