Kutoka Kufiwa hadi Kuomba: Sarufi ya Faraja katika Kiswahili



Msiba unapoingia nyumbani, sarufi ya Kiswahili humvua mtu utendaji wake. Husemwa kwamba amefiwa, amepatwa, ameshikwa na maradhi, ameondokewa na mzazi, amekumbwa na balaa. Vitenzi vyote hivi vimo katika kauli ya kutendwa. Kitenzi fiwa chastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Asili yake ni fa. Kikaongezewa kiambishi cha kutendea, kikawa fia, kisha kiambishi cha kutendwa, kikawa fiwa. Afaye ni mwingine, lakini aliyebaki ndiye anayewekwa kuwa kiima cha sentensi, ilhali yeye hakutenda lolote. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya faraja wanayoipata waumini katika sala na dua hutokana na kugeuka kwa hali hiyo: aliyekuwa mtendwa katika msiba huwa msemaji katika maombi.

Mfano ulio bayana ni wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Mnamo mwaka 1858 mama huyu alitunga utendi mashuhuri kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, naye akafariki dunia yapata mwaka 1860. Wahakiki wengi wameushughulikia utendi huo kama wasia wa mama kwa bintiye kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa, na hapana shaka kwamba ndivyo ulivyo. Hata hivyo, sehemu yake ya mwisho si wasia tena, bali ni dua. Mama aliyekuwa akimwelekea mwanawe anamwelekea Mola wake, anawaombea watoto na jamaa zake, na anajiombea mwenyewe. Inafaa kukumbuka kwamba jina lake limebeba kitenzi pona, nalo ndilo jambo alilolihitaji kuliko yote.

Katika kuvuka huko kutoka wasia hadi dua, msikilizwaji anabadilika, lakini umbo la kitenzi halilazimiki kubadilika. Kitenzi cha kuamuru chenye kiambishi cha mtendwa huishia kwa irabu e: nisikilize, nipe, nisaidie, niponye. Bwana humwambia mtumishi wake “nisaidie”. Mtoto humwambia mama yake “nisaidie”. Na mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani humwambia Mwenyezi Mungu neno hilo hilo. Ni kweli kwamba Kiswahili kina pia umbo la upole zaidi, yaani “unisaidie” au “uniponye”, na dua nyingi hulitumia. Lakini hata hapo Mungu huitwa kwa nafsi ya pili umoja, kama aliye karibu na asikiaye. Hivyo basi, mtu aliyenyang’anywa kila amri na maradhi hubakiwa na mahali pamoja ambapo kitenzi cha kuamuru kingali chake. Nguvu za mwili hana, lakini kauli anayo.

Hapa yafaa kujibu hoja ya wale wanaodhani kwamba imani humtaka mtu anyamaze. Neno subira limetumiwa mara nyingi kama kifuniko cha vilio. Mfiwa huambiwa asubiri kabla hata machozi ya kwanza hayajakauka, na mwanamke aliyepoteza mtoto huambiwa ashukuru. Mapokeo ya dini zenyewe hayasemi hivyo. Katika Kurani, Yakubu alimlilia Yusufu hadi macho yake yakapofuka kwa huzuni, naye alieleza kwamba masikitiko yake anamshtakia Mungu. Ayubu anasifiwa humo kuwa mwenye subira, na bado ndiye aliyemwita Mola wake kumweleza dhara iliyomgusa. Katika Biblia, Ayubu analalamika kwa maneno makali, na mwisho wa kitabu wanaokemewa ni rafiki zake waliojifanya wajuzi wa sababu za mateso yake. Aidha, takriban theluthi moja ya Zaburi 150 ni maombolezo. Kwa hiyo subira haikuwa kinyume cha kulia. Ilikuwa ni kulia huku mtu akiwa ameelekea upande fulani.

Methali yasema kwamba subira ni ufunguo wa faraja. Maneno yote mawili, subira na faraja, yametoka katika Kiarabu, na mzizi wa neno faraja una maana ya kufungua na kupanua. Ufunguo, basi, unahitaji mlango, na mlango wa mwenye kuteseka ni kinywa chake.

Lakini kinywa kimoja hakitoshi. Neno dua lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni wito. Nacho Kiswahili, kutokana na ita, kina itika na itikia. Katika hitima mmoja husoma dua na waliohudhuria huitikia “Amina”. Kanisani kiongozi hutaja haja, na waumini hujibu kwa pamoja. Mfiwa aliyeishiwa maneno huazimwa maneno ya wengine, na sauti yake ndogo hubebwa na sauti za wengi. Hata rafiki za Ayubu, kabla ya kuharibu mambo kwa hoja zao, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila ya kusema neno. Huo ndio uliokuwa wakati wao bora.

Hapana budi kusema wazi kwamba dua si badala ya dawa, wala faraja si ahadi ya kupona. Mwana Kupona aliomba afya, na miaka michache haikupita ila alikwisha kufariki. Asingehukumiwa kwa hilo kuwa aliomba bure. Alikuwa ameshikwa na maradhi. Akaagiza wino na karatasi, akaanza kusema.

Kwa hiyo, anayekwenda kuhani msiba ana hiari mbili. Anaweza kumwambia mfiwa anyamaze kwa jina la subira, au anaweza kuketi kando yake, akasikiliza anachomwambia Mola wake, kisha akaitikia: Amina.