Mikono ya Rafu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za karakana. Kwa kuwa tunachangia rafu mpya za maktaba, nitasema juu ya kitu kidogo kitakachozibeba: ile mikono ya chuma ambayo mafundi huiita breketi.

Kiwandani kazi huanza na bamba la chuma laini lililoviringishwa kama mkeka. Hunyooshwa, likaingizwa kwenye presi yenye kalibu ya chuma kigumu. Pigo moja hutoboa matundu ya skrubu, jingine hukata umbo, jingine hukunja. Kukunja ndiko kwenye ufundi. Chuma kikikunjwa hurudi nyuma kidogo, kama fimbo mbichi; kwa hiyo kalibu huipitiliza pembe makusudi, ili kikirudi kibaki nyuzi 90.

Mtaona breketi nyingi zina tuta lililobonyezwa katikati, likapita hata kwenye kona. Vijana, hilo si pambo. Shikeni karatasi kwa ncha moja, italala. Ikunjeni kama mfereji, itasimama. Tuta hulipa bamba kimo, na kimo ndicho kinachokataa kupinda. Bamba jembamba lenye tuta laweza kulishinda nene lisilo nalo.

Kisha breketi huoshwa mafuta, hupuliziwa rangi ya unga inayonaswa kwa umeme, na kuokwa katika tanuri karibu nyuzi 200 za sentigredi mpaka unga uyeyuke. Rangi huzuia kutu. Haiongezi nguvu, ingawa dukani ndiyo itazamwayo kwanza.

Kalibu ni ghali. Hakuna atakayeichonga kwa ajili ya breketi 50. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hukata chuma bapa, akachomelea kipande cha mshazari kati ya miguu miwili. Haing'ari, lakini weldi ikishika vizuri, pembetatu ile haifunguki kirahisi.

Sasa hesabu, maana vitabu ni vizito na watoto watakaa chini yake. Tuseme breketi moja inabeba kilo 20, na uzito uko sentimita 15 kutoka ukutani. Ncha ya chini ya breketi ndiyo egemeo. Skrubu ya juu ikiwa sentimita 20 juu ya ncha hiyo, huvutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 15. Ikiwa sentimita 10 tu, ni kilo 30. Breketi ni ile ile, rafu ni ile ile! Kwa hiyo mguu mrefu uwe ukutani, si chini ya ubao, kama wengi wanavyofunga.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta breketi mbili, moja ya presi na moja ya kuchomelea. Ziko mezani kando ya birika la chai. Naomba kamati izishike na kuzipima kabla ya kuuliza bei.