Taa ya Banda la Motokaa



Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo wengi hulidhania dogo, yaani globu ifaayo kutiwa katika banda la motokaa la nyumbani. Sebule huchaguliwa taa kwa fikira nyingi, lakini banda hupewa globu yo yote iliyosalia kabatini. Walakini humo ndimo motokaa irudishwamo nyuma usiku, ndimo watoto wapitamo, ndimo petroli ivujamo, na humo ndimo mtu akatamo chuma kwa mashine. Mahali penye hatari namna hiyo hapafai kupewa mwanga wa masazo.

Kwanza yatupasa kujua wingi wa mwanga. Wengi wetu tumezoea kumwuliza mwenye duka, "Ni ya wati ngapi?" Lakini wati ni kipimo cha umeme uliwao na taa, mwanga utokao hupimwa kwa lumeni, na hesabu yake huandikwa juu ya sanduku. Globu ya zamani yenye waya, ya wati 60, hutoa lumeni 700 hivi. Globu ya LED ya wati 8 au 9 tu hutoa lumeni 800 hivi. Basi anunuaye kwa wati peke yake hajui anunuacho.

Tufanye hesabu pamoja. Banda la meta 3 kwa 6 lina meta za mraba 18. Kwa kuiweka motokaa na kushuka salama, lumeni 100 kwa kila meta ya mraba zatosha: jumla ni 1,800, yaani globu mbili za lumeni 900. Lakini afanyaye kazi za mikono humo ahitaji mara tatu ya hizo, yaani 5,400.

Pili ni mahali pa taa, na hili ndilo kosa lionekanalo katika mabanda mengi. Globu moja hutundikwa katikati ya dari. Motokaa ikiingia, mwanga wote huangukia paa lake, na pembeni, nyuma na chini hubaki giza. Humo gizani ndimo awezamo kuwa mtoto aliyechuchumaa kutafuta mpira wake, na dereva asimwone. Kwa hiyo ugaweni mwanga: taa moja upande huu, na nyingine upande wa pili, na kama mna meza ya kazi, iwekeni taa yake mbele ya mfanyaji, ili kivuli chake kisimfunike mikono.

Tatu ni rangi. Sanduku likiandikwa kelvini 2,700, mwanga huo ni wa manjano, wa kupumzikia. Wa 4,000 ni mweupe wa wastani, nao wafaa sana kwa kazi. Tazameni pia alama ya CRI, ambayo yaonyesha jinsi taa idhihirishavyo rangi za vitu. Isipungue 80, na kwa mtu aungaye nyaya, 90 ni bora, maana kuudhania waya wa kahawia kuwa ni mwekundu kwaweza kuleta moto.

Nne ni hatari ya petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa sakafuni. Waya ulio ndani ya globu ya zamani hufikia joto la nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi. Taa ya mkononi ya namna hiyo ikianguka na kupasuka penye mvuke huo, banda laweza kulipuka. Taa ya LED haina waya uwakao, lakini msijidanganye: swichi nayo hutoa cheche. Mkisikia harufu ya petroli, msiguse swichi yo yote. Fungueni milango kwanza, hewa ipite.

Tano, jihadharini na taa za bei rahisi zipepesazo. Umeme wetu hubadili mwendo wake mara nyingi katika sekunde moja, na taa duni huufuata kwa kuwaka na kufifia upesi, wala jicho lisitambue. Chini ya mwanga huo, jiwe la kunolea lizungukalo kwa kasi laweza kuonekana kana kwamba limesimama, na mkono ukapelekwa penye hatari.

Taa za mirija ya zamani zina zebaki ndani yake, na mwaka 2023 mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubali kukomesha utengenezaji na biashara yake hata mwisho wa 2027. Mrija ukivunjika, msiufagie kwa haraka; fungueni madirisha kwanza.

Mwisho, kabla ya kwenda dukani itazameni shingo ya globu ya kale: yenye pini mbili ni B22, na yenye skrubu ni E27. Wakaao pwani, penye chumvi na unyevu, watafute kifuniko chenye alama ya IP65, wahakikishe pia kwamba sanduku la globu laruhusu kufungiwa ndani ya kifuniko, kwa maana joto likikosa njia huifupisha maisha yake.

Wahenga walinena, "Tahadhari kabla ya hatari." Bei ya globu mbili njema ni ndogo, na uhai wa mtoto hauna bei. Kwaherini.