Kijiwe Hakiuziki: Mhadhara wa Umma kuhusu Hisa za Mitandao ya Kijamii



Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alinisimamisha kwenye korido akanionyesha simu yake. Alikuwa amenunua robo ya hisa ya Meta, kampuni mama ya Facebook, Instagram na WhatsApp. Robo! Enzi zetu hisa ilikuwa cheti cha karatasi ngumu, na kwa dalali ulikwenda umechomekea shati. Akaniuliza, "Prof, hii nikiiacha miaka 20 itanisomeshea watoto?" Nikamwomba anipe muda. Mhadhara huu ndio jibu lake, na namwona amekaa kule nyuma, karibu na mlango.

Nianzie Magomeni nilikokulia. Kwenye kona ya mtaa wetu palikuwa na mwarobaini, chini yake mabenchi mawili, na mzee wa kahawa na dele lake, vikombe vyake na sinia ya kashata. Kuanzia alasiri wanaume walijaa pale: drafti, siasa, Simba na Yanga. Mabenchi yaliegemea ukuta wa nyumba ya jirani yetu. Kampuni moja ya rangi ilipoona watu wanavyojazana, ikamlipa jirani ili ichore tangazo lake kwenye ukuta ule. Jirani hakuuza kahawa wala hakucheza drafti. Aliuza macho ya waliokuwa wakicheza. Siku moja kijana mmoja akafungua kibanda umiza ng'ambo ya barabara, akaweka mpira wa Ulaya. Mwezi haukuisha, mabenchi yakabaki na mzee wa kahawa peke yake. Wiki mbili baadaye naye akabeba dele lake akavuka. Mwarobaini ulikuwepo, mabenchi yalikuwepo, na tangazo lilikuwa bado linang'aa. Mkataba wa ukuta ulipokwisha, hakuna aliyekuja kuuongeza muda.

Meta ni ukuta wa jirani yangu. Mwaka 2024 iliingiza mapato ya dola bilioni 164.5, na katika kila dola 100, karibu 98 zilitokana na matangazo. Faida halisi ilikuwa dola bilioni 62.4. Sidharau fedha hizo hata kidogo. Ni miongoni mwa biashara zenye faida kubwa kuliko zote duniani. Ninachouliza ni kitu gani hasa anachonunua mwanahisa. Twiga Cement, ambayo hisa zake ziko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ina mawe ya chokaa pale Wazo Hill. Saruji inaweza kushuka bei, mitambo inaweza kuharibika, lakini mawe hayawezi kuamka asubuhi yamekichoka kiwanda yakahamia ng'ambo. Mwenye hisa za mtandao wa kijamii amenunua mazoea ya watu, na mazoea hayana hati miliki.

Hili limeshatokea, tena kwa watu wenye akili na fedha. Mwaka 2005 kampuni ya Rupert Murdoch, News Corporation, iliinunua kampuni mama ya mtandao wa kijamii wa MySpace kwa dola milioni 580. Mwaka uliofuata Murdoch alionekana bingwa, maana Google iliahidi dola milioni 900 ili iweke kitafutio chake na matangazo yake humo. Kufika 2009 Facebook ilikuwa imeipita MySpace kwa wageni huko huko Marekani. Juni 2011 MySpace ikauzwa kwa takriban dola milioni 35. Seva zilikuwa nzima na ofisi zilikuwa nzuri. Vijana walikuwa wamevuka barabara. Ya Bebo, mtandao mwingine, ni fupi zaidi: AOL iliinunua kwa dola milioni 850 mwaka 2008, na mwaka 2013 mwanzilishi wake akairudisha mikononi mwake kwa dola milioni moja.

Wachumi tunapenda kufundisha kwamba mtandao unapata nguvu kadiri unavyokua, kwa sababu kila anayejiunga anawaongezea thamani waliotangulia. Ni kweli, na nimelifundisha darasani mwaka hadi mwaka. Lakini hesabu hiyo hurudi nyuma vilevile. Kila anayeondoka anampunguzia aliyebaki sababu ya kubaki. Kiwanda hufa polepole, kijiwe hufa ndani ya msimu mmoja.

Mtaniuliza, mbona Facebook haijafa? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Facebook ilipoanza kuuza hisa zake kwa umma, tarehe 18 Mei 2012, waraka wake wa matarajio ulikiri wazi kwamba haikuwa ikipata mapato ya maana kutoka kwa watumiaji wa simu. Fikirini: dunia nzima inahamia kwenye simu, na kampuni inayojikadiria thamani ya zaidi ya dola bilioni 100 haijui itauzaje tangazo kwenye kioo kidogo. Bei ilikuwa dola 38. Ilipofika Septemba ilikuwa chini ya 18. Lakini mwezi mmoja kabla ya hisa kuingia sokoni, mkuu wake, Mark Zuckerberg, alikuwa amekubali kulipa dola bilioni moja kwa Instagram, kampuni ya wafanyakazi 13 isiyokuwa na mapato. Iliripotiwa wakati ule kwamba aliafikiana na mkuu wa Instagram kwa siku chache tu, na bodi ikaja kuarifiwa mambo yakiwa yameiva. Mwaka 2014 akainunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Snapchat nayo aliitaka, wenyewe wakakataa. Basi mwaka 2016 Instagram ikaiga 'stori' za Snapchat zinazofutika baada ya saa 24. TikTok haikuwa ya kununulika, nayo ikaigwa kwa Reels mwaka 2020.

Kwa lugha ya Magomeni, jirani alikuwa akinunua kibanda umiza kabla watu hawajavuka barabara. Facebook haijaishi kwa sababu watu hawakuichoka. Vijana wa Marekani waliichoka zamani. Imeishi kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na fedha, alikuwa na haraka, na hakuwa na wa kumuuliza.

Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Hisa za Meta ni za madaraja mawili. Ile mnayoweza kununua ninyi na mimi ina kura moja. Ile aliyoishika Zuckerberg ina kura 10. Kwa hiyo, ingawa anamiliki sehemu ndogo ya kampuni, ana takriban asilimia 60 ya kura. Mkutano mkuu wa wanahisa ukikaa, matokeo yanajulikana kabla chai haijapoa. Nguvu hiyo ndiyo iliyonunua Instagram bila porojo. Nguvu hiyohiyo, Oktoba 2021, ilibadilisha jina la kampuni kutoka Facebook kuwa Meta kwa ajili ya ndoto ya ulimwengu wa kidijitali wa kuvaa miwani, na kitengo cha ndoto hiyo kikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 47 katika miaka mitatu, 2022 hadi 2024. Novemba 2022 hisa ilishuka chini ya dola 90. Wanahisa walilalamika, na kulalamika ndiyo haki pekee waliyokuwa nayo. Baadaye mwenyewe akabana matumizi, akapunguza watu 11,000, kisha akatangaza wengine 10,000, na mwaka 2023 bei ikakaribia kuwa mara tatu. Aliwaokoa, lakini ni yeye aliyekuwa amewatosa. Snap, wenye Snapchat, walikwenda mbali zaidi: hisa walizouza mwaka 2017 hazina kura hata moja.

Sasa hesabu, kwa ajili ya wale wa kitivo cha biashara wanaoanza kuangalia saa. Tuseme mtu aliweka dola 1,000 katika kila moja ya kampuni tatu kwa bei ya kufunga siku ya kwanza sokoni, kwa kuwa bei ya toleo lenyewe mara nyingi haimfikii mtu wa kawaida. Facebook, 2012, kwa dola 38.23: mwisho wa 2024 angekuwa na zaidi ya dola 15,000. Twitter, Novemba 2013, kwa dola 44.90: Elon Musk alipoinunua Oktoba 2022 alilipa dola 54.20 kwa hisa, kwa hiyo angepata dola 1,200 na kidogo, baada ya miaka tisa kasoro siku chache, bila gawio, huku mfumuko wa bei wa Marekani katika muda huo ukizidi ongezeko hilo. Na Musk mwenyewe alijaribu kujitoa, mpaka kampuni ikamfikisha mahakamani. Snap, 2017, kwa dola 24.48: mwisho wa 2024 angebaki na chini ya dola 450.

Watu wananionyesha ya kwanza tu, kama vile aliyeshinda bahati nasibu ndiye peke yake aliyekata tiketi.

Kuna kosa jingine tunalolifanya sisi wa huku. Tunaona kila mtu kuanzia Kariakoo hadi Kampala yuko WhatsApp, tunahitimisha kwamba kampuni imetushika, basi haitikisiki. Vitabu vyake vinasema mengine. Katika robo ya mwisho ya 2022, kila mtumiaji wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiingizia kampuni dola 58.77. Katika kundi la 'kwingineko duniani', ambamo Afrika imewekwa, kila mtumiaji aliingiza dola 3.52. Inahitaji karibu watu 17 wa kwetu kumfikia mmoja wa kule. Uganda ilipoifunga Facebook Januari 2021, mapato ya kampuni mwaka huo yalipanda kwa asilimia 37. Hatukuonekana hata kwenye tanbihi. Kinyume chake, China, ambako Facebook imefungwa, iliipa Meta asilimia 10 ya mapato yake ya 2023, kutoka kwa wafanyabiashara wa Kichina wanaowatangazia wateja wa nje. Idadi ya vichwa si pato. Mwenye kutaka kujua afya ya hisa hizi asihesabu wanaochati kwenye daladala. Amwangalie mwenye duka wa Ohio anayelipia tangazo.

Na amwangalie pia mwenye barabara. Mwaka 2021 Apple iliweka kwenye iPhone swali dogo: unaruhusu programu hii ikufuatilie? Wengi wakabonyeza hapana. Februari 2022 Meta ikasema swali hilo lingeigharimu kama dola bilioni 10 mwaka huo, na siku iliyofuata hisa ikaanguka kwa asilimia 26. Zaidi ya dola bilioni 230 za thamani ziliyeyuka kwa siku moja ya soko. Ukuta ni wako, lakini njia ya kuufikia ni ya mtu mwingine.

Basi nimjibu kijana wangu wa kule nyuma. Meta inashikika, kwa sehemu ndogo ya akiba, na kwa mtu anayeelewa kwamba anamkabidhi Zuckerberg fedha zake na hana njia ya kumwajibisha. Tangu 2024 inatoa gawio, na hilo ni jema, japo lilianza kwa senti 50 za dola kwa hisa kila robo mwaka. Kwa robo yako ya hisa hapo hupati hata bando la siku. Snap sishauri. Twitter, ambayo sasa ni X, ilitolewa sokoni Musk alipoinunua. Miaka 20 siwezi kuidhamini kwa kampuni yoyote ya aina hii, kwa sababu kati ya hizi tatu hakuna hata moja iliyokaa sokoni miaka 20, na ile moja iliyong'ara iling'ara kwa kuwanunua warithi wake. Fedha za kusomesha watoto ziweke kwenye hati fungani za serikali au vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na hii robo uiache iwe darasa lako la vitendo.

Nilimdokezea haya juzi kantini, kabla ya kuja hapa. Alinisikiliza kwa adabu, akaninunulia kahawa, akanishukuru. Hisa yake hajaiuza.