Ruta Mpya, Kuta Zile Zile: Mada Kuhusu Kutandaza Waifai Nyumbani



Mada tuliyopewa leo ni ndogo kwa sura, lakini imewaleta wengi mbele ya dawati letu la malalamiko. Mtu amebadilishiwa ruta, ile ya zamani imeondolewa, na tangu siku hiyo intaneti haishiki katika chumba cha nyuma. Dukani anashauriwa anunue vifaa vya meshi. Ananunua, na bado chumba cha nyuma kiko vile vile.

Tuanze na shauri moja ambalo lilitufundisha. Mama mmoja fundi cherehani hufanyia kazi yake katika chumba cha uani. Wateja humtumia picha za mishono kwa simu, naye huwarudishia picha ya nguo iliyokamilika kabla hawajamalizia malipo. Alipovutiwa faiba, ruta mpya ilifungwa sebuleni, pembeni mwa dirisha ambapo waya ulipitia. Ruta ya zamani ilikuwa koridoni, katikati ya nyumba; tofauti hiyo hakuna aliyeitilia maanani. Chumba cha uani kikakosa mawasiliano. Mama akapandisha kifurushi kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 50, akiamini kwamba kifurushi kikubwa kitafika mbali zaidi. Hakikufika. Ndipo akanunua seti ya vifaa vitatu vya meshi. Sasa simu ilionyesha vijiti vyote vimejaa, lakini picha hazikwenda. Alipotufikia alikuwa amekwisha kupoteza kazi ya sare za harusi, na kila mwezi alikuwa akilipia kifurushi ambacho hakikuwa kikimsaidia.

Hatuna budi kukiri kwamba hata sisi tulikosea mwanzoni. Tuliliandika shauri lake kuwa kosa la mtoa huduma, kwa sababu kipimo alichotuonyesha katika simu kilikuwa cha chini mno. Mtoa huduma akaleta kipimo chake, kilichochukuliwa kwa waya, nacho kilikuwa kamili. Vipimo vyote viwili vilikuwa vya kweli. Kimoja kilipima maji yanayoingia getini, na kingine kilipima maji yanayotoka kwenye bomba la jikoni.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kabla ya kununua kifaa chochote, na kabla ya kumlalamikia yeyote, pimeni kwa waya. Chukueni kompyuta, iunganisheni na ruta kwa kebo ya mtandao, zimeni waifai ya kompyuta hiyo, kisha pimeni kasi asubuhi na tena usiku, watu wengi wanapokuwa majumbani. Kasi ikiwa chini ya mlichonunua hata kwa waya, tatizo haliko katika kuta zenu, na vifaa vya meshi havitalitibu. Kasi ikiwa kamili kwa waya lakini ikapotea chumbani, mtoa huduma ametimiza sehemu yake, na kazi iliyobaki ni ya ndani ya nyumba. Angalieni pia kwamba baadhi ya vifaa na kebo za bei nafuu hupitisha megabiti 100 kwa sekunde tu. Aliyenunua kifurushi cha 200 ataona chini kidogo ya 100 na kudhani ameibiwa.

Kuta nazo zina maneno yake. Waifai ya nyumbani hutumia zaidi masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini yana msongamano, kwa kuwa hutumiwa na majirani wote, vifaa vya bluetooth, na hata tanuri la mikrowevu linapochemsha chai. Masafa ya 5 yana kasi kubwa, lakini hudhoofika upesi yanapokutana na tofali. Nyumba zetu ni za matofali ya saruji, nguzo za zege na nondo; nyumba za kale za pwani zina kuta nene za mawe ya matumbawe. Mageti ya chuma, mabati, vioo vikubwa na matangi ya maji huzuia mawimbi pia. Eneo linaloandikwa kwenye maboksi ya vifaa hivi kuwa litafikiwa halikupimwa katika nyumba yako.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama kubwa: ombeni ruta ihamishiwe mahali pa kati, juu, palipo wazi, isifichwe nyuma ya runinga wala ndani ya kabati. Fundi akija kufunga, msimwachie achague mahali panapomrahisishia yeye kazi. Tumeona mara nyingi kwamba mita chache za waya zinazoongezwa siku ile huokoa bei ya seti nzima ya vifaa.

Ikiwa bado haitoshi, hapo ndipo meshi inapostahili. Meshi ni vifaa viwili au zaidi vinavyoshirikiana kutoa waifai yenye jina moja nyumba nzima, kama wavu uliotandazwa, ili simu ihame kutoka kifaa kimoja hadi kingine bila mtu kuibadilisha. Haiongezi hata megabiti moja juu ya kile kinachoingia. Kazi yake ni kukisambaza tu. Na kifaa cha pili hakiwezi kusambaza kisichokipokea. Kosa la yule mama lilikuwa kukiweka kifaa cha pili ndani ya chumba kile kile kisicho na mawasiliano. Simu yake ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kifaa, hivyo vijiti vikajaa. Lakini kifaa chenyewe hakikuwa kikisikia chochote kutoka sebuleni. Tulimshauri akirudishe koridoni, nusu ya njia, ambako ruta ilisikika vizuri. Picha zikaanza kwenda.

Hata hivyo, kifaa kinapopokea na kutuma kwa masafa yale yale, kasi hupungua takribani nusu kwa kila mruko. Vipo vifaa vya bendi tatu vinavyotenga bendi moja kwa ajili ya kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe; ni bora, na ni ghali. Sisi tunapendelea waya kuliko vyote. Kebo ya daraja la 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, nayo huweza kupitishwa darini au nje ya ukuta ndani ya bomba la plastiki. Anayejenga sasa na apitishe mabomba hayo kabla ya kupiga lipu.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana kwa macho. Ruta ya mtoa huduma hugawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga nayo. Kifaa kikuu cha meshi nacho, kikitoka dukani, hujiona ni ruta na hugawa anwani zake. Nyumba inakuwa na wenyeji wawili. Intaneti inaweza kufunguka, lakini kompyuta iliyojiunga upande mmoja haiioni printa iliyo upande wa pili, kamera za ulinzi hazifunguki ukiwa safarini, na michezo ya watoto hukatika. Dawa yake ni mmoja kunyamaza: ama meshi iwekwe katika hali ya aksesi pointi, ama ruta ya mtoa huduma iwekwe katika hali ya daraja. Hali ya kwanza ni rahisi zaidi, na mara nyingi hupatikana katika programu ya simu inayokuja na kifaa. Kisha zimeni waifai ya ruta ile, ili simu zisiing'ang'anie.

Kuhusu jina na nenosiri, mkitumia yale yale ya zamani, herufi kwa herufi, vifaa vingi vitajiunga vyenyewe bila kuguswa. Ni nafuu kubwa kwa mwenye kamera zilizofungwa juu ya paa. Lakini nenosiri linalojulikana na mtaa mzima halifai kurithiwa. Yule mama alikuwa amelibandika ukutani kwa ajili ya wateja. Tulimshauri afungue waifai ya wageni, yenye jina lake na nenosiri lake, akabandike hilo. Nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta libadilishwe siku ya kwanza, na chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Kumbukeni pia kwamba kila kifaa cha meshi kinataka soketi yake ya umeme. Umeme ukikatika, betri iliyowekwa kwenye ruta peke yake haitaufikisha mtandao uani.

Katika kununua, ulizeni kwanza kama mtoa huduma hutoa vifaa vya ziada, kwa bei gani, na vitakuwa mali ya nani. Nunueni vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, anzeni na vifaa viwili, si vitatu, kwani kuongeza cha tatu baadaye ni rahisi kuliko kukirudisha. Kabla hamjalipa, kubalianeni kwa maandishi iwapo muuzaji atakipokea kifaa kisichofaa, na ndani ya siku ngapi. Risiti itunzwe pamoja na boksi lake.

Mkiona mmeonewa, anzeni kwa mtoa huduma na mdai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asiposhughulikia, lalamiko lipelekwe kwa Mamlaka, likiambatana na namba hiyo na vipimo vya waya vyenye tarehe na saa. Kipimo cha simu kilichochukuliwa chumbani hakitawasaidia. Sisi tulikwisha kukijaribu.

Tumalizie na ruta ya zamani. Mara nyingi si mali yenu, na mkataba unaweza kuwatoza msipoirudisha. Ifuteni kwanza kwa kubonyeza kitufe kidogo kilicho nyuma kwa muda wa sekunde 10 hivi, mpaka taa zibadilike, kwa maana ndani yake mna nenosiri lenu. Andikeni namba yake, ipigeni picha, na msiikabidhi kwa fundi yeyote bila hati yenye sahihi. Yule mama hakupewa hati, na anaendelea kudaiwa. Shauri hilo bado tunalo mezani.

Sasa tunapokea maswali. Waliokuja na ruta zao wazilete hapa mbele, kebo ya kupimia tunayo.